ASIBAKI MTOTO WA KULINDA NGUO



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mishahara, nyumba, marupurupu na uhamisho. Hayo ndiyo mkate wetu, wala hatutayaacha. Lakini katika toleo hili twataka kusema juu ya kipindi kimoja ambacho wengi wetu twakidharau, yaani kipindi cha mazoezi ya viungo, na juu ya mtoto mmoja ambaye yuko karibu katika kila shule. Mtoto huyo ni yule anayekaa kando wenzake wakicheza. Msiseme kwamba ni jambo dogo. Someni hata mwisho, kisha mseme.

Mimi ninayeandika nimelifundisha somo hili miaka mingi, na yanipasa kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana anayetaka kufagia uwanja wa jirani huanza na wake.

Zamani, nilipokuwa kijana mpya kutoka chuo cha waalimu, nilipewa darasa la tano katika shule moja ya mashambani. Darasani mlikuwa na mvulana ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umedhoofika kwa polio. Alitembea kwa gongo. Kila kipindi cha viungo kilipofika, wenzake walivua mashati, na viatu kwa wale waliokuwa navyo, wakavirundika chini ya mti. Nami nilimwambia: "Wewe kijana, kaa hapa ulinde nguo." Nilidhani namtendea wema. Nilidhani namwepusha na aibu ya kuanguka mbele ya wenzake. Akakaa, akalinda. Hakuna shati lililopotea mwaka ule. Wenzake wakamwita Askari, naye akacheka pamoja nao, na mimi nikacheka.

Katika daftari la mahudhurio niliandika kila siku kwamba yupo. Na kweli alikuwapo, lakini hakuwamo.

Siku moja niliitwa ofisini kipindi kikiwa kimekwisha kuanza. Nikawaacha watoto na mpira wao wa matambara. Niliporudi sikuona mtu akikimbia. Watoto wote walikuwa wameketi majanini, pande mbili, wakirushiana mpira juu ya kamba iliyofungwa chini chini, na sheria ilikuwa moja tu: mtu asinyanyue makalio. Yule kijana alikuwa kati yao. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekomaa kwa kushika gongo miaka yote, hakuna aliyemshinda kwa kurusha. Aliponiona alishtuka, akadhani amekosa. Akasema: "Mwalimu, nguo ziko salama. Tumezileta hapa karibu, naziona."

Ndugu, sikuwa na neno la kumjibu. Watoto wa miaka kumi na mmoja walikuwa wamefanya kwa dakika chache jambo ambalo mimi, mwenye cheti, sikulifanya mwaka mzima. Walikuwa wamebadili mchezo ili mwenzao apate kuingia. Mimi nilikuwa nikingoja mtoto abadilike ili aufae mchezo, na mguu wa polio haubadiliki.

Tangu siku ile imani yangu katika kazi hii ni moja, na ndiyo maana ya tahariri hii: mtoto akishindwa kuingia katika mchezo, kilicho na kasoro ni mchezo, na kazi ya mwalimu ni kuutengeneza.

SOMO HILI LILITOKA WAPI

Labda mtauliza, mbona waalimu wengi wema twafanya kosa hili moja? Jibu ni kwamba tulirithi somo lenyewe likiwa na kasoro. Mwaka wa 1902, katika siku za vita vya Makaburu katika Afrika ya Kusini, serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo wa mazoezi ya shule uliofuata mazoezi ya jeshi. Ilikuwa imeona vijana wengi waliotaka kuwa askari wakikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Basi mtoto akapangwa mstarini, akaamriwa kushoto, kulia, geuka nyuma. Mtindo huo ukaja huku pamoja na bendera. Somo lililozaliwa ili kutafuta askari huwa na macho ya kumwona mwenye nguvu tu. Asiyefaa hutolewa mstarini.

Tulipopata Uhuru tuliuacha mstari wa askari, tukashika mstari wa mabingwa. Mwaka wa 1968 Kipchoge Keino alishinda mita 1,500 kule Mexico City, na nchi nzima ikasimama kwa furaha. Ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini tangu hapo wengi wetu twakiona kipindi cha viungo kuwa kama chujio la kutafuta Keino mwingine. Darasa lina watoto sitini. Wawili au watatu watakwenda mashindano ya wilaya. Twafundisha hao watatu, na hamsini na saba wanashangilia. Kama mwalimu wa hesabu angefundisha watatu tu walio hodari, na wengine akawaambia wapige makofi, mkaguzi angesema nini? Na wazazi je?

Mwalimu wa kusoma hufurahi anapomwona mtoto mzito akilisoma neno lake la kwanza. Hamwambii alinde vitabu vya wenzake. Kwa nini mwalimu wa viungo awe tofauti?

KAMBA YA MSHAZARI

Sasa twaseme kwa vitendo, maana mwalimu hataki hotuba, ataka kujua Jumatatu asubuhi atafanya nini.

Alikuwako mwalimu mmoja wa viungo aliyefundisha waalimu huko Marekani, jina lake Muska Mosston, ambaye kitabu chake juu ya kufundisha mazoezi ya viungo kilitoka mwaka wa 1966. Mfano wake mmoja umeenea duniani, nao hauhitaji ila kamba. Mnajua jinsi tunavyofundisha kuruka juu. Watoto wawili wanashika kamba sawasawa, wengine wanaruka. Kisha kamba inapandishwa. Anayeshindwa anatoka. Inapandishwa tena, wengine wanatoka. Mwishoni amebaki mmoja anaruka na darasa zima limekaa. Sasa angalieni: wa kwanza kutoka ni yule ambaye mazoezi yangemfaa kuliko wote, na anayeruka mara nyingi ni yule ambaye tayari anajua.

Mosston akasema, shikeni kamba mshazari, upande mmoja chini karibu na ardhi, upande wa pili juu kifuani. Basi kila mtoto ajichagulie mahali pa kurukia. Hodari ataruka upande wa juu, mwoga ataanza upande wa chini, na kesho atasogea hatua moja. Hakuna anayetoka. Kamba ni ile ile ya katani, wala serikali haikuombwa hata senti moja. Kilichobadilika ni mkono wa aliyeishika.

Nimeitumia kamba hiyo miaka mingi, na nimeona jambo ambalo sikulitazamia. Wengi hawakubaki upande rahisi kama wavivu. Mtoto akijua kwamba hatatolewa, anathubutu.

Kwa michezo mingine, waalimu katika nchi nyingi hujiuliza maswali manne, nasi yatufaa kuyaweka kichwani.

La kwanza ni mahali. Je, kiwanja ni kikubwa mno kwa mtoto wa gongo? Kipunguzwe, au atengewe pembe yake ambayo wengine hawaingii kumnyang'anya mpira. Kama kuna kiti cha magurudumu, tuchezee mahali pagumu, si penye mchanga.

La pili ni kazi yenyewe. Mbio zikiwashinda baadhi, watembee, au waruhusiwe kurusha badala ya kupiga teke. Mchezo wa kati, ambao watoto wetu wote wanaujua, humtoa anayepigwa na mpira. Badilini: anayepigwa atoke, aruke mara kumi au anyooshe mikono mara kumi, kisha arudi. Hapo hakuna anayekaa.

La tatu ni vifaa. Mpira mkubwa na mwepesi ni rahisi kudakwa kuliko mdogo na mgumu. Kwa asiyeona, tia kokoto katika chupa ndogo, uifunge kwa matambara mpaka iwe mpira, naye ataufuata kwa masikio. Kwa asiyesikia, filimbi ni bure. Tumia bendera, au nyosha mkono juu na wote wafanye vivyo hivyo mpaka kila mtu amesimama. Wala usiseme naye jua likiwa nyuma yako, kwa sababu hataiona midomo yako.

La nne ni watu. Nani yuko pamoja na nani? Wape wawili wawili, kundi dogo dogo, na umwekee asiyeweza mwenziwe mwenye subira. Lakini msimfanye mtoto mmoja kuwa mtumishi wa mwenziwe siku zote. Leo huyu, kesho yule, ili wote wajifunze.

MAMBO YA KUONWA KWA MACHO

Kama yuko asemaye kwamba haya ni ndoto za waalimu, na amtazame Henry Wanyoike, Mkenya mwenzetu. Alikuwa mkimbiaji tangu ujana. Mwaka wa 1995 alipatwa na kiharusi akapoteza macho. Mwaka wa 2000, katika michezo ya Paralimpiki ya Sydney, alishinda mita 5,000 za wasioona. Karibu na mwisho mwongozaji wake aliishiwa nguvu, na Wanyoike, asiyeona, ndiye aliyemvuta mpaka kwenye utepe. Mwaka wa 2004 kule Athens alishinda mita 5,000 na mita 10,000. Kilichomwezesha kukimbia ni mwenziwe mmoja na kipande kifupi cha kamba walichokishika pamoja. Ni kamba tena, Ndugu zangu. Katika shule yako imo.

Wako pia waliotunga michezo mipya kabisa. Mwaka wa 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, ulianzishwa mchezo wa goliboli kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kila upande una watu watatu, mpira una kengele ndani yake, na wachezaji wote hufungwa macho, hata kama mmoja anaona kidogo, ili wawe sawa. Watazamaji hunyamaza ili kengele isikike. Na mwaka wa 1956 huko Uholanzi ulianzishwa mpira wa wavu wa kuketi, ambao leo unachezwa katika Paralimpiki. Niliposoma habari za mchezo huo nilicheka peke yangu, kwa sababu niliwakumbuka watoto wangu wa darasa la tano. Walikuwa wameutunga wenyewe chini ya mti, bila kumwuliza Mholanzi yeyote.

SI MTOTO WA GONGO PEKE YAKE

Msidhani kwamba twasema juu ya walemavu tu. Anayelinda nguo yuko wa namna nyingi.

Yuko mtoto mnene, ambaye wenzake humcheka akikimbia. Yuko mtoto mwenye ualbino, ambaye jua la saa sita humwunguza ngozi na macho yake hayaoni mbali. Huyo afanye mazoezi asubuhi au kivulini, avae kofia yenye ukingo na mikono mirefu, na mpira uwe wa rangi kali. Yuko mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi katika sehemu za Nyanza, Magharibi na Pwani. Huyo anaweza kucheza, lakini anywe maji mara kwa mara, apumzike anapochoka bila kugombezwa, wala asiachwe na nguo zilizolowa kwenye baridi. Yuko mwenye pumu, ambaye dawa yake yafaa iwe karibu naye, si kabatini ofisini. Yuko mwenye kifafa, ambaye asipande juu wala kuogelea bila wa kumtazama, lakini mbio na mpira si haramu kwake.

Yuko msichana ambaye kila mwezi hukosa vipindi kwa sababu hana kitambaa na anaona haya. Sheria ya mwaka wa 2017 ilisema wasichana shuleni wapewe sodo bure na serikali. Je, zinafika shuleni kwako? Mwalimu wa viungo ndiye wa kwanza kujua, kwa hiyo awe wa kwanza kuuliza, lakini aulize ofisini, asimwulize msichana mbele ya darasa.

Na yuko mtoto ambaye hakula tangu jana. Huyo akisema amechoka, asiitwe mvivu.

Liko jambo jingine ambalo twalifanya bila kufikiri, na linaumiza kuliko fimbo. Twachagua mahodari wawili, twawaambia wachague watu wao mmoja mmoja mbele ya wote. Huchaguliwa hodari, kisha anayemfuata, kisha rafiki. Mwishoni wamebaki wawili ambao hakuna anayewataka, na manahodha wanabishana: "Mchukue wewe." Kila mtu aliyewahi kubaki mwisho anaikumbuka siku hiyo mpaka leo, hata kama ana wajukuu. Ndugu mwalimu, gawanya watoto mwenyewe. Wahesabu moja, mbili, tatu, nne, au wape vipande vya kitambaa vya rangi. Itakuchukua dakika moja.

Na katika kupima, mpime mtoto kwa yeye mwenyewe. Mwekee kijiti mahali aliporuka wiki iliyopita, na leo aone kama amekipita. Aliyeruka hatua moja jana na leo ameruka moja na nusu amefanya kazi kubwa kuliko bingwa aliyeruka kama kawaida yake.

MANENO YA WAPINZANI

Yako maneno tuliyoyasikia katika vyumba vya waalimu, nayo yastahili kujibiwa.

Wako wasemao: "Darasa ni kubwa mno." Kweli, ni kubwa mno, na chama kitaendelea kulipigia kelele jambo hilo. Lakini darasa kubwa ndilo lisiloweza kufundishwa kwa mpira mmoja na mstari mrefu. Makundi madogo yenye kazi zao yanafaa hata katika darasa la sitini.

Wako wasemao: "Mtoto ataumia, na mimi nitashtakiwa." Hofu hiyo si ya upumbavu. Dawa yake ni kumwuliza mzazi na muuguzi, kuandika walichosema, na kupanga mchezo kwa kufuata hayo. Mwalimu aliyefanya hivyo amefanya kazi yake kwa uangalifu, na chama kina wajibu wa kusimama naye. Lakini tukumbuke kwamba kukaa chini ya mti miaka minane nako kunaumiza, ingawa damu haionekani. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na mwongozo wake wa mwaka wa 2020 unawataja wazi wenye ulemavu pia.

Wako wasemao: "Hao wana shule zao za pekee." Shule hizo zimefanya kazi njema, ile ya vipofu ya Thika, ya Jeshi la Wokovu, ilianzishwa mwaka wa 1946. Lakini watoto wengi wenye ulemavu hawako Thika. Wako kijijini, katika darasa lako, kwenye dawati la nyuma. Na Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Tena mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unasema watoto hao washiriki sawa na wenzao katika michezo, pamoja na michezo ya shuleni. Basi kumruhusu acheze si hisani yetu kwake. Ni haki yake.

Na wako wasemao: "Tutashindwa katika mashindano." Hatujawahi kusema mashindano yafutwe. Bingwa ana saa zake za jioni, na mwalimu amfundishe kwa bidii. Lakini kipindi kilicho katika ratiba ni mali ya darasa zima.

TUNAYODAI KWA WAKUBWA

Sasa twageuka upande wa mwajiri, kwa sababu si haki mwalimu abebe mzigo huu peke yake.

Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka wa 1985 hadi mwaka wa 2023, haukuwa na karatasi ya viungo. Kwa hiyo kipindi chetu kiliibwa miaka karibu arobaini ili kurudia hesabu na Kiingereza, na wakubwa walijua. Leo mtaala wa umilisi umeyaleta michezo na sanaa mbele, hata sekondari ya juu ina njia yake ya sanaa na sayansi ya michezo. Twafurahi. Lakini twaonya: njia hiyo isiwe tena ya mabingwa peke yao, na kipindi cha wote kikaibwa kwa jina jipya.

Kwa hivi twadai haya:

1. Kipindi cha viungo kihesabiwe kuwa kipindi kamili katika kazi ya mwalimu, wala mwalimu mkuu asikichukue kwa somo jingine.

2. Waalimu wapewe mafunzo ya kuwafundisha watoto wa kila namna pamoja. Mafunzo hayo yawe katika siku za kazi, na gharama zake zisitoke mfukoni mwa mwalimu.

3. Kila shule iwe na sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa, na fedha kidogo za kamba na mipira.

4. Viwanja vya shule vipimwe, viwe na hati, visinyakuliwe. Hatujasahau tarehe 19 Januari 2015, ambapo watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya machozi walipokuwa wakidai kiwanja chao. Mtoto asiye na kiwanja analinda nguo hata kama ana miguu miwili mizima.

TUNAYOJIDAI WENYEWE

Lakini mtu hadai haki kwa mkono mmoja na kunyima kwa mkono wa pili. Kumbukeni tulikotoka. Waalimu wa Kenya walipounda chama chao cha taifa tarehe 4 Desemba 1957, mwalimu wa misheni hii alikuwa na masharti yake, wa misheni ile alikuwa na yake, na wa halmashauri ya wilaya alikuwa na yake. Walidai mwajiri mmoja na masharti sawa kwa wote. Wangeweza kusema, wenye vyeti vikubwa na waende mbele, wadogo wakae kando wangoje. Hawakusema hivyo. Walivuta pamoja, na mwaka wa 1967 Tume ya Kuajiri Waalimu ikaanza kazi. Chama hakikuuliza nani ana misuli. Kiliuliza tu kama mtu ni mwalimu.

Mtoto anayejifunza kiwanjani kwamba asiyeweza hutolewa nje, atakuja kazini na fikira hiyo hiyo. Atakapoona mwenziwe mgonjwa anafukuzwa, ataona ni sawa. Lakini mtoto aliyeketi chini ili mwenziwe mwenye gongo apate kucheza, huyo ndiye mwanachama wetu wa kesho, ajapokuwa hajui neno chama.

Basi twaomba kila tawi liliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao, na kila mwakilishi wa shule aulize ni vipindi vingapi vya viungo vilivyofundishwa mwezi huu, na vingapi vilivyoibwa, kisha atuletee hesabu kwa maandishi. Tutazichapa hapa bila kuogopa.

Na wewe mwalimu, wiki hii, kipindi kikianza, usitazame kwanza nani anakimbia mbele. Tazama chini ya mti. Ukimkuta mtu huko analinda nguo, mwite. Nguo hazina miguu, hazitakwenda popote.

Yule kijana wangu alihama shule mwaka uliofuata pamoja na wazazi wake, na sikupata tena habari zake. Alicheza muhula mmoja tu na zaidi kidogo. Muhula huo walipewa na wenzake, si na mimi. Kama yuko mahali na jarida hili likimfikia, ajue kwamba mwalimu wake alijifunza, ingawa alichelewa.

Umoja ni nguvu.

Mhariri